Rimu pana kwenye gari lililoshushwa: ununue ipi, na ikikwaruza ufanye nini

Ukiuliza pale Kisekka, soko la vipuri vya magari la Kampala, kama rimu fulani zitaingia kwenye gari lako, jibu ni lile lile siku zote: "Zinaingia, bosi." Na muuzaji hasemi uongo. Mashimo ya boliti yakilingana, rimu itaingia. Ambalo hukuuliza ni itakuwaje gari likiwa limeshushwa, yaani bodi imeletwa karibu na ardhi, limebeba watu wanne na mikungu miwili ya matoke ya barabara ya Masaka, kisha likutane na tuta ambalo halikupakwa rangi. Hapo ndipo tairi hupanda na kukutana na bati la madigadi.

Watu huja na shida hii wakiwa katika hali mbili. Wapo ambao bado wana pesa mfukoni na wanachagua rimu. Wapo ambao rimu ziko garini tayari na kila kona ina kelele. Nitaanza na wa kwanza kwa sababu wao bado wana bahati. Mfano wangu utakuwa Subaru Impreza WRX ya 2006 au 2007, gari ambalo vijana wengi wa Kampala huanza nalo wanapotaka kushusha kitu. Hesabu yenyewe haibadiliki kwa Altezza, Mark II wala Premio za Toyota. Zinabadilika namba tu.

Rimu ya kiwandani ya Impreza hiyo ina kipenyo cha inchi 17, upana wa inchi 7 na ofseti ya 55, yaani ile ET55 iliyochorwa nyuma ya mkono wa rimu. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaobana kwenye habu, kile kitovu cha gari kinachofungiwa gurudumu. Namba ikishuka, gurudumu zima hutoka nje kuelekea madigadi. Ikipanda, gurudumu huingia ndani kuelekea shoki. Upana nao hugawanyika pande mbili: inchi moja ni milimita 25.4, basi kila inchi unayoongeza inatoka milimita 12.7 nje na kuingia milimita 12.7 ndani, ofseti ikiwa ile ile.

Kwa hiyo chukua upana kwa milimita, ugawe kwa mbili. Ukitoa ofseti unapata ukingo wa nje uko wapi kutoka kwenye habu. Ukijumlisha ofseti unapata ukingo wa ndani. Kwa rimu ya kiwandani ni 33.9 nje na 143.9 ndani. Sasa linganisha na zile unazoziona zimening'inizwa madukani:

| Rimu | Inatoka nje zaidi ya ya kiwandani | Inaingia ndani zaidi |
|---|---|---|
| 17x8 ET48 | mm 20 | mm 6 |
| 18x8 ET45 | mm 23 | mm 3 |
| 18x8.5 ET48 | mm 26 | mm 12 |
| 18x8.5 ET35 | mm 39 | hapana, inarudi mm 1 |
| 18x9.5 ET38 | mm 49 | mm 15 |

Tazama mistari miwili ya 8.5. Upana ni ule ule, na kwenye picha huwezi kuzitofautisha, lakini moja inakwenda kugusa shoki na nyingine inakwenda kugusa madigadi. Ndiyo maana mtu akikuambia "mimi nimefunga 8.5 na haigusi", hajakuambia kitu mpaka ataje ofseti.

Ningekuwa nachagua kwa ajili ya gari linaloendeshwa kila siku Kampala, ningechukua 17x8 ET48 na kulivisha tairi la 215/45R17 (upana mm 215, ukuta asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17), saizi ile ile ya kiwandani. Tairi hilo linakubalika kwenye rimu ya inchi 7 mpaka 8, kipenyo chake hakibadiliki, na ukuta wa tairi unabaki milimita 97 hivi. Ukuta huo ndio unaobeba gharama ya mashimo. Ukienda 18x8 ET45 na 225/40R18, ukuta unashuka hadi 90 huku kipenyo cha tairi kikiongezeka kutoka mm 625 hadi mm 637, kwa hiyo unapoteza nafasi juu na unapoteza mto chini kwa wakati mmoja. 215/40R18 inarudisha kipenyo hadi mm 629, ila ukuta wake ni 86 tu. Kwa macho, inchi 18 inapendeza zaidi, sibishi. Lakini kingo za lami zetu zimemomonyoka pembeni, na matatu ikikusukuma nje ya barabara ni rimu ndiyo inayopokea pigo.

Wanaopenda inchi 18 hata hivyo, 18x8 ET45 ni chaguo la heshima. Gari likishushwa sentimita mbili au tatu, mara nyingi mbele hutagusa kitu zaidi ya plastiki ya ndani ukikata usukani mpaka mwisho, na nyuma utagusa ukibeba watu tu.

18x8.5 ET48 ni ya mtu mwenye koilova, ile shoki yenye springi yake inayorekebishwa urefu. Springi ya koilova ni nyembamba kuliko ya kiwandani, kwa hiyo zile milimita 12 za ndani zinapata pa kukaa. Kwenye shoki ya kawaida, tairi litakuwa linapumulia kibao cha springi. 18x8.5 ET35 ndiyo utakayoiona mara nyingi zaidi kwenye seti zilizotumika, na ndiyo inayojaza madigadi vizuri kuliko zote. Ila ukiinunua ujue umenunua pamoja nayo kazi ya bodi. Milimita 39 kwenye gari lililoshushwa hazina njia ya kupita bila kugusa bati. Ya 9.5 ni gari la maonyesho. Mwenye nalo hahitaji ushauri wangu.

Kuna mambo matatu ya kuangalia kabla ya kulipa, na hayahusu kukwaruza moja kwa moja. WRX hiyo ina boliti 5x100, yaani tano kwenye duara la mm 100, lakini STI, toleo lake la juu, kuanzia modeli ya 2005 ni 5x114.3, sawa na Altezza na Mark II. Usikubali rimu itobolewe mashimo mapya. La pili ni nati: stadi za Subaru, zile boliti za habu zinazopokea nati, ni M12x1.25 (unene mm 12, hatua ya uzi mm 1.25), za Toyota ni M12x1.5. Ukipewa nati za Toyota zitaanza kuingia, zitakaza katikati, fundi atazilazimisha kwa mashine ya hewa, na uzi wa stadi utakuwa umekwisha. Tatu, tundu la katikati la Subaru ni mm 56.1, wakati rimu nyingi za dukani ni kubwa kuliko hapo. Dai pete za kujazia, la sivyo usukani utatetemeka ukishapanda barabara ya kasi ya Northern Bypass na utamlaumu fundi wa balansi bure.

Sasa turudi kwa wale ambao rimu ziko garini tayari.

Kwanza ujue inagusa wapi, kwa sababu dawa ya nje haitibu ndani. Inua gari, toa gurudumu, angalia. Bati la madigadi likiwa limeng'aa kwenye pindo lake la ndani, unagusa nje. Shoki ikiwa na duara lililosuguliwa, unagusa ndani. Tairi likiwa na mkato mmoja mwembamba begani, tafuta skrubu: pale bampa inapokutana na madigadi kuna skrubu inayotazama tairi, na mara nyingi sana mkosaji ni hiyo peke yake. Kuihamisha au kuifupisha ni kazi ya nusu saa, na watu wamekunja madigadi mazima kwa ajili yake. Ukiwa na shaka, chukua udongo wa plastiki wa watoto, bandika ndani ya pindo, zunguka mtaani, urudi uone umebonyea wapi.

Ikiwa ni nje, mjadala wa kweli uko kati ya mambo mawili: kukunja pindo la madigadi au kulilaza gurudumu. Mengine ni viraka.

Kukunja pindo ni kulichukua lile bati lililosimama kwa ndani, lenye upana wa sentimita moja hivi, na kulilaza mpaka libane ukuta wa madigadi. Unapata nafasi yote ya upana wake, mara moja, na huilipii tena. Kazi safi hufanywa kwa kifaa chenye rola kinachofungwa kwenye habu ya gari lenyewe, huku rangi ikipashwa moto kwa hewa ili ilainike isipasuke. Fundi anasogeza rola kidogo kidogo, akirudi nyuma na mbele. Kazi chafu hufanywa kwa nyundo na kipande cha mbao, na utaiona ukisimama pembeni ya gari: mstari wa madigadi unakuwa na mawimbi.

Lakini hapa Uganda kuna jambo ambalo video za nje hazikuambii. Tangu sheria ya 2018 ikataze kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, Impreza za 2006 na 2007 haziingii tena. Zilizopo ndizo hizo, zinapita mkono hadi mkono, na nyingi zimeshalala kwa fundi wa bodi mara kadhaa. Maana yake ni kwamba chini ya ile rangi nzuri huenda kuna puti, ile lipu ya kujazia mabonde ya bodi, na puti haikunjiki, inapasuka na kudondoka kama ganda la yai. Kabla ya kuruhusu rola, pitisha sumaku ndogo juu ya ukingo wa madigadi yote manne. Mahali inapokataa kushika, pana puti nene. Madigadi hiyo usiikunje. Tafuta njia nyingine au uitengeneze kwanza.

Nyuma kuna tatizo la ziada. Madigadi ya mbele ni bati moja lililofungwa kwa boliti, likiharibika unanunua jingine. Ya nyuma ni sehemu ya bodi: mabati mawili, la nje na la ndani, yamechomelewa pamoja pale pale kwenye pindo na kuzibwa kwa gundi ya kiwandani. Ukikunja, gundi hiyo hupasuka. Msimu wa mvua wa Machi hadi Mei unaingiza maji katikati ya mabati, ule wa Septemba hadi Novemba unamalizia, na tope jekundu linakaa humo na unyevu wake. Kutu ya hapo hutoka ndani kuja nje. Ukiiona kwenye rangi, imeshakula. Kwa hiyo kukunja nyuma bila kuziba upya, kupaka dawa ya kutu na kurudishia rangi ni kazi nusu. Mwambie fundi hivyo kabla, na aiweke kwenye bei.

Kulaza gurudumu, ambako mafundi wa alainimenti hukuita kemba hasi, ni kuingiza sehemu ya juu ya gurudumu ndani. Kwa tairi la kipenyo hiki, digrii moja inaingiza juu ya tairi kama milimita 5 na nusu ukipima kutoka katikati ya gurudumu. Digrii mbili ni milimita 11, karibu sawa na kukunja pindo zima, na hakuna bati lililoguswa. Unaweza pia kurudi nyuma siku ukiuza gari. Kwenye Impreza hii, mbele kuna boliti ya juu ya shoki inayoruhusu kurekebisha. Nyuma hakuna kitu cha kurekebishia kutoka kiwandani, kwa hiyo utahitaji boliti maalumu za kemba.

Ubaya wake unalipwa kwa tairi. Gari linasimama kwa bega la ndani, na bega hilo linaisha wakati upande wa nje bado una meno. Ikiwa na tou, yaani mwelekeo wa magurudumu yakitazamwa kutoka juu, imekaa vibaya, linaisha haraka zaidi, na kwa kuwa liko ndani hulioni mpaka nyuzi zitoke. Kwa mtu anayekwenda Mbarara na kurudi kila wiki, hiyo ni hatari ya kweli. Mimi ningekomea digrii moja na nusu kwa gari la kazi.

Kwa hiyo kati ya hayo mawili: bodi safi isiyo na puti, ukitarajia kukaa na gari, kunja, lakini ukunje kwa rola na uzibe. Bodi yenye historia, au gari utakaloliuza mwakani, laza kidogo. Na rimu za ET35 kwenye gari lililoshushwa zitadai yote mawili, hata usijaribu kubishana nazo.

Hapa nimtetee kidogo mwenye Subaru anayechekwa na mwenye Altezza. Altezza na Mark II zina mikono miwili, juu na chini, na gurudumu linapopanda hujilaza lenyewe kuingia ndani ya madigadi. Impreza ya umri huo ina shoki inayobeba gurudumu pande zote nne. Ikishushwa sana mpaka mkono wa chini unapita usawa na kuelekea juu, gurudumu likipanda zaidi linaanza kusimama wima tena, yaani juu yake linatoka nje, wakati ule ule ambapo nafasi imekwisha. Ndiyo maana rafiki mwenye Altezza anaweza kufunga rimu iliyotoka zaidi kuliko yako akacheka, na ushauri wake ukakuharibia tairi.

Hilo linaleta dawa ambayo hakuna anayeitaka: pandisha gari. Mwenye koilova anaweza kulipandisha sentimita moja kwa dakika chache, na sentimita hiyo inafanya kazi kubwa kuliko inavyosikika, maana inampa tairi safari zaidi kabla ya kufika kwenye bati na inaurudisha ule mkono wa chini mahali pake. Kama hutaki kupandisha, springi ngumu zaidi au mpira mrefu zaidi wa kikomo kwenye shoki humzuia tairi kupanda sana. Gari litakuwa gumu, abiria watalalamika, lakini tairi litapona.

Kukata springi hakuingii kwenye mizani ya haya mengine. Wanaozikata kwa moto wa gesi huua ugumu wa chuma pale pale, springi iliyokatwa huchezacheza gari likiinuliwa kwa jeki, na shoki ya kiwandani inabaki ikigonga mwisho wake kila tuta. Ukitaka kushusha kwa bei nafuu, nunua springi fupi zilizotengenezwa fupi.

Spesa, vile visahani vinavyowekwa kati ya habu na rimu, nazo ziwekwe mahali pake. Zinatibu kugusa ndani tu, kwa kusukuma gurudumu nje, kwa hiyo kwa anayegusa madigadi ni sumu. Ya milimita 5 inaweza kuokoa ile 18x8.5 ET48 isiguse shoki, mradi nati bado zinashika uzi wa kutosha. Zikishika mizunguko michache tu, badilisha stadi ndefu.

Iko pia njia ya kuvalisha tairi jembamba kwenye rimu pana ili kuta zake zilale. Nafasi inapatikana, na picha inapendeza. Lakini ukingo wa rimu unabaki wazi mbele ya kila shimo, na upepo ukipungua kidogo tairi linaweza kuachia rimu. Angalia pia namba ya uzito: tairi lenye 87 linabeba kilo 545, lenye 92 linabeba kilo 630, na gari lililojaa watu linaijua tofauti hiyo. Kupunguza saizi kwa adabu, kwa mfano kutoka 225/40R18 kwenda 215/40R18 kwenye rimu ya 8, ni jambo jingine kabisa, na mara nyingi ndiyo tiba ya bei ndogo kuliko zote ikiwa unagusa kwa milimita chache. Ukinunua yaliyotumika, soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Pembeni kidogo: ukienda kutazama Pearl of Africa Rally, mashindano ya magari ya Uganda, angalia Subaru za kwenye vumbi. Zimeinuliwa, zimevaa rimu ndogo za inchi 15 na tairi lenye ukuta mnene. Wanaoendesha kasi kuliko sisi sote kwenye barabara zetu wamechagua kinyume cha tunachokitamani.

Kazi ikiisha, usiipime kwenye Entebbe Expressway. Barabara laini haithibitishi chochote. Waweke watu wazima wawili kiti cha nyuma na mzigo kwenye buti, washa gari, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto huku ukirudi nyuma, kisha upite tuta moja refu polepole na usikilize. Baada ya hapo inua gurudumu moja la mbele na la nyuma la upande wa pili kwa jeki iliyowekwa chini ya mkono wa chini, si chini ya bodi, ili hayo mawili yapande ndani ya madigadi, upitishe kidole kati ya tairi na bati. Kidole kikipita kote, kaza nati upya ukishatembea kilomita 50 au 100, kisha ndipo ummalizie fundi salio lake.